Kufuata Blanketi Kilimatinde

Saa kumi na dakika kumi alfajiri nilipiga kiki ya kwanza, na pikipiki haikuwaka.

Naanzia hapo kwa sababu ninyi mnaoniuliza habari ya safari ile mnaanzia mwisho. Mnataka kujua kwa nini mtu mzima aliingia Mungaa mchana kweupe, juu ya pikipiki, amejifunga blanketi jekundu kama mgonjwa aliyetoroka wodini. Na wiki hii mmeanza kuuliza blanketi lenyewe liko wapi. Nitajibu yote mawili, kila moja mahali pake.

Jioni ya kuamkia siku hiyo, utingo wa basi aliniletea ujumbe wa mdomo kutoka kwa dada yangu Raheli, aliyeolewa Kilimatinde. Wazee wa upande wa mchumba wa binti yake, Debora, walikuwa wamesogeza siku ya mazungumzo ya mahari. Siku mpya ilikuwa kesho yake. Mazungumzo hayo yalikuwa yameshaahirishwa mara mbili, kwanza kwa mvua zilizokata barabara, kisha kwa sababu wao wenyewe walifiwa. Sasa kijana, ambaye anafanya kazi reli pale Itigi, alikuwa amepewa uhamisho wa Kigoma, na baba yake alikwisha kutamka kwamba Kigoma nako kuna wasichana. Wageni wangefika asubuhi, na saa sita mchana lori lingewarudisha Manyoni kuwahi treni.

Katika ukoo wetu mahari haitajwi kama kaka wa mama wa binti hayupo. Yeye ndiye anayepokea blanketi la mjomba, na likishapokelewa ndipo mengine yanafunguliwa. Raheli ana kaka mmoja tu, na ndiye mimi. Tena Debora alikaa kwangu miaka mitatu akisoma. Nilimfundisha kugawanya kwa punje za alizeti, na alikuwa akila jibu kabla sijalisahihisha. Nisingekubali aachwe kwa sababu basi linarudi Manyoni keshokutwa.

Nyumbani hadi Ikungi

Pikipiki yangu mnaijua. Niliinunua ikiwa imetumika, mwaka ule wanunuzi binafsi walipoanza kufuata alizeti hadi mlangoni kwetu. Nilijifunza kuiendesha na kuifungua kwa kitabu chake cha Kiingereza na kamusi. Kitabu kinasema wakati wa baridi uvute choki na usubiri. Nilivuta, nikasubiri, nikapiga kiki hadi jasho likanitoka, jambo ambalo kitabu hakikunionya: jasho hilo ndilo lililogeuka barafu mgongoni baadaye.

Nasema barafu kwa kuzoea tu. Nimesoma kwamba ziko nchi ambako ziwa hugeuka sakafu na watu wakatembea juu yake. Kwetu maji ya ndoo hubaki maji. Lakini kaa juu ya pikipiki mwezi wa saba kabla ya jua, upepo wa Singida ukiwa kazini, halafu uniambie kama mwili unajua tofauti.

Nilivaa mashati mawili, sweta, na koti la mtumba lililoshonwa kwa ajili ya mtu mnene wa nchi ya baridi. Zipu yake ilikuwa imekufa. Kwa hiyo nilipanga magazeti ya zamani kifuani na mgongoni, nikajizungushia chini ya koti salfeti, gunia la nailoni lililokuwa na mbegu za alizeti, nikaifunga kwa kamba. Soksi mbili nikavaa mikononi. Masikio ndiyo yaliyobaki, na Mama Salome akanifunga kichwa kwa kanga, kisha kifungo kimoja kilichobaki kwenye koti.

"Baba Salome, hiyo ndiyo kanga yangu nzuri."

"Ndiyo maana haina matundu."

"Ikirudi na oili utanunua doti nzima."

Mama yangu, ambaye wote mnajua alivyosumbuliwa na kifua tangu mwezi wa tano, aliita kutoka chumbani kwake. "Mwambie Raheli kikohozi kimepungua. Usisahau. Anzia na hilo."

Nikamwambia nitaanzia na hilo.

Barabara ya kutoka Mungaa kwenda Ikungi inaelekea machweo, na upepo wa msimu ule unatoka mawio. Kwa hiyo njia nzima ulikuwa mgongoni, na mimi nikajidanganya kwamba nimevaa vizuri. Niliimba hata.

Ikungi, kwenye uji

Tangi lilihitaji petroli. Wakati ule petroli Ikungi iliuzwa kwenye chupa, juu ya meza ya mbao kando ya barabara. Chupa zilikuwepo, mwenyewe hakuwepo. Mama mmoja aliyekuwa akipika uji jirani na meza aliniambia ameenda kuswali, kisha atapitia kwa mke mdogo, kisha atakuja.

"Kwa mke mdogo anakaa sana?"

"Inategemea kama kuna chai."

Nilikaa kwenye benchi lake. Palikuwa na wapakiaji wa magunia watatu wakinywa uji, nao walinitazama kama watu waliopewa sinema ya bure.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Mzee, shemeji amebaki na nini kichwani?"

"Amebaki na akili," nikasema. "Yangu ndiyo imekuja huku."

Wakacheka, na mmoja akanisogezea vitumbua vyake. Nilivua soksi, nikanyoosha mikono juu ya jiko la mkaa. Yule mama akanipiga kijiko cha mti kwenye kiwiko.

"Usichome vidole vilivyolala! Vitaamka na hasira. Weka kwapani kwanza."

Niliweka kwapani. Alikuwa sahihi kuhusu hasira, maana vilipoamka nilisikia kama vimepigwa nyundo kimoja kimoja. Uji ulikuwa wa ulezi, wenye ndimu, na nilikunywa mabakuli mawili. Mwenye petroli alikuja kukiwa kumeshapambazuka, uso wake mkavu. Inaelekea chai haikuwepo.

Ikungi hadi Isuna

Kutoka Ikungi barabara inageuka kuelekea Manyoni, na hapo ndipo upepo uliponipata. Ulinijia ubavuni, ukazunguka mbele, ukaingia palipokosa zipu na kuanza kufungua magazeti kama mtu anayetafuta tangazo. Jua halikutoka. Wingu moja la kijivu lilifunika anga kutoka mwamba hadi mwamba, jambo linalotokea siku chache tu za mwezi ule.

Machozi yalinitoka kwa upepo tu, yakachanganyika na vumbi jekundu na kukauka mashavuni. Baada ya muda sikuvisikia vidole vya mkono wa kushoto, na huo ndio mkono wa klachi. Nilianza kuutazama kwa macho ili nijue kama umeshika. Nilijiwekea utaratibu: kila nikimaliza mlima mmoja nasimama, navua soksi, naweka viganja karibu na injini, nahesabu hadi mia, naondoka.

Kwenye kituo changu cha tatu palikuwa na mchungaji wa ng'ombe wa rika langu, amejifunga shuka mbili na kuwasha moto mdogo nyuma ya jiwe. Nilimwomba nafasi. Akasogea, akaitazama pikipiki kwa muda mrefu.

"Upepo unakusumbua," akasema.

"Sana."

"Mimi nimekaa hapa tangu asubuhi, haunisumbui hivyo."

"Wewe hutembei."

"Ndivyo ninavyosema. Hicho kitu kinatafuta upepo. Kinaukimbilia. Ukienda polepole utakuacha."

Ilikuwa kweli tupu, na nimewahi kusoma jambo hilo hilo kwa maneno marefu zaidi. Nikamweleza kwamba nikienda polepole, mpwa wangu ataachwa. Nilimwambia habari yote: uhamisho, lori la saa sita, blanketi.

Alifikiri. "Yaani unaumia hivi kwa baridi kufuata blanketi?"

"Ndiyo."

"Basi nenda haraka," akasema, na akatupa kuni nyingine motoni kwa ajili yake mwenyewe.

Kizuizini

Baada ya Isuna, kabla ya kufika Mkiwa, palikuwa na mti umelazwa barabarani, na kibanda cha mtu anayekagua ushuru wa mazao. Alitoka amejikunyata. Alinitazama kifua, kilichokuwa kimevimba kama cha bata mzinga, akaona salfeti ikichungulia kwenye koti.

"Mzee, alizeti hiyo inakwenda wapi?"

"Si alizeti. Ni mimi."

"Salfeti ya alizeti, tena ina makapi ya alizeti, halafu ni wewe?"

"Nimeivaa. Baridi."

"Vua."

Nilimweleza kwamba nina haraka, na kwamba kifungo changu kimefungwa na mke wangu na sitaweza kukifunga tena kwa vidole vile. Akasema sheria haina mke. Kwa hiyo nilisimama katikati ya barabara ya Manyoni nikavua koti, nikafungua kamba, nikateremsha salfeti. Magazeti yakabaki yamegandamana na sweta. Alinisogelea kupapasa, kisha akainamisha kichwa na kuanza kusoma tumboni kwangu.

"Hili la lini?"

"Mwezi wa nne."

"Sijalisoma hili." Akasoma tena, akinizunguka kufuata safu. "Geuka kidogo. Inaendelea ukurasa wa tano, ukurasa wa tano uko wapi?"

"Mgongoni."

Hapo alicheka mpaka akashika mti wa kizuizi. Aliniambia gazeti la mwisho lililofika pale liliishia kufungia samaki wakavu. Akaniomba nimwachie. Nilimwambia gazeti ndilo ukuta wangu. Tulibishana kwa heshima, mpaka mwisho nikampa kurasa za michezo na za mgongoni, nikabaki na za mbele zenye habari za bei na ubinafsishaji, ambazo hakuzitaka. Alinifunga kamba mwenyewe, kwa nguvu, kama anafunga gunia la kilo mia. Kifungo cha koti hakikufungika.

Kumbukeni hilo la mgongo na kifungo. Kutoka pale nilisafiri nusu uchi, kwa hesabu ya upepo.

Manyoni, kisha Kilimatinde

Mkiwa sikusimama. Manyoni nilisimama mara moja tu, kumuuliza mama muuza ndizi saa. Aliponijibu kwamba imekaribia saa tano nilitaka kusema asante, na mdomo haukufunguka. Nilidhani ni vumbi. Nilijaribu tena, nikatoa sauti kama ya mlango. Mama yule akavuta ndizi zake karibu.

Njia ya Kilimatinde inakupeleka ukingoni ambako nchi inakatika na bonde la kuelekea Bahi linaonekana chini. Upepo unapanda kutoka kule bila kitu cha kuuzuia. Mbele ya koti nilikuwa nimeshikilia kwa kidevu. Magoti yalikuwa yameganda katika umbo la tangi. Sikuwaza mengine, niliwaza lori. Nilipoliona limeegeshwa chini ya kanisa, dereva wake akifuta kioo, nilijua nimewahi, na nikafanya kosa la kulegea.

Kwa Raheli

Sasa nisomeni taratibu, kwa sababu hapa ndipo hadithi zinazozunguka kijijini zinapopotosha.

Wageni walikuwa uani kwenye mabenchi: mshenga wao aitwaye Mzee Ramadhani, shangazi wa kijana, na wazee wengine wawili. Shemeji yangu Yona alikuwa upande wa pili na ndugu zake. Chakula kilikuwa kimeshatengwa juu ya mkeka, hakijaguswa, kwa sababu walikuwa wakinisubiri mimi. Wote waligeuka waliposikia pikipiki.

Walichokiona ni hiki: kaka wa Raheli, anayeishi na mama yao mgonjwa, amekuja mbio kutoka Mungaa, kichwa kimefungwa kanga, uso una mifereji ya machozi. Nilizima injini, nikashuka, magoti yakakataa, nikaketi chini mavumbini. Raheli alinijia na kikombe cha maji. Nilikitazama. Mikono haikufunguka kukipokea, nikatikisa kichwa.

Nanyi mnajua. Kwetu anayeleta habari ya msiba hasalimii, hapokei maji, hagusi chakula mpaka ameusema. Anaketi chini, na watu wa nyumbani wanaelewa kabla hajafungua mdomo.

Kikombe kilianguka. "Mama!" Raheli alisema kwa sauti ndogo. Kisha akapiga ukelele uliosikika hadi kanisani, na majirani wakaanza kuitikia.

Nilitaka kusema kikohozi kimepungua. Niliahidi nitaanzia na hilo. Kilichotoka ni "kkkh", na nadhani hilo lilizidisha mambo. Yona alivua kofia. Ndugu zake wakavua kofia. Debora alitoka jikoni, akatazama mama yake, akatazama wageni, na nikaona uso wake ukielewa mambo mawili kwa pamoja: kwamba bibi amefariki, na kwamba mazungumzo hayafanyiki katika nyumba yenye msiba. Mzee Ramadhani alikuwa ameshasimama.

"Poleni sana," alisema. "Hili ni la Mungu. Sisi tutarudi, mkishamaliza arobaini."

Arobaini! Kijana angekuwa Kigoma tayari. Shangazi alikuwa anakunja mtandio wake. Kule chini dereva akawasha lori kulipasha moto.

Sikuwa na mdomo. Sikuwa na mikono. Nilitambaa. Nilipita katikati ya waombolezaji kwa magoti na viwiko hadi kwenye mkeka, nikabana paja la kuku kwa vifundo vya mikono yote miwili, nikalitia mdomoni. Lilikuwa la moto. Nililing'ata kwa meno yaliyokuwa yakigongana, mchuzi ukaniteremka kidevuni, na nilipolimaliza nikainamia bakuli la mlenda.

Kilio kilipungua upande mmoja wa ua, kisha upande wa pili. Mwisho kilibaki cha Raheli peke yake, naye alikuwa amejifunika uso.

"Subirini," alisema shangazi wa kijana. Alikuwa amesimama na mtandio nusu begani. "Mfiwa gani anakula paja?"

"Labda amechanganyikiwa," Yona alinong'ona.

"Aliyechanganyikiwa anakula firigisi. Huyu amechagua." Akanijia, akachutama, akanishika shavu kwa kiganja. "Jamani! Huyu baba ni jiwe! Hajafiwa, ameganda! Leteni moto!"

Walileta jiko, walileta chai, Debora akaninywesha kama ndama. Akaniweka mikono kwapani mwake bila kuambiwa, na akaniuliza sikioni, "Mjomba, bibi?"

"Kikohozi," nilisema. Lilikuwa neno la kwanza tangu Manyoni. "Kimepungua."

Raheli alinipiga mgongoni kwa kofi, pale pale palipokosa gazeti, kisha akakaa chini akacheka na kulia mpaka majirani waliokuja kuomboleza wakaambiwa wabaki wale.

Mzee Ramadhani alimtuma mtu akamwombe dereva asubiri. Dereva alikubali nusu saa, kwa sahani ya wali. Kwa hiyo ilitubidi kwenda haraka. Mshenga alikohoa, akatoa bahasha, akasema kwa adabu zote: "Hili ni la mjomba. Siku hizi, mzee wangu, hatubebi mizigo kwenye treni. Badala ya blanketi tumeweka shilingi elfu kumi. Blanketi zuri hapo dukani halifiki nusu yake."

Watu wote walinitazama. Nilielewa hesabu ile vizuri kuliko wao. Fedha ilikuwa zaidi ya mara mbili ya kitu chenyewe. Lakini nilifikiria barabara ya kurudi, kifungo, na kurasa za michezo zilizobaki kizuizini.

"Nataka blanketi," nilisema.

"Mzee, kwa fedha hii utanunua mawili."

"Sitaki mawili. Nataka moja, sasa hivi, na nivalishwe hapa."

Shangazi alipiga makofi. "Mpe mjomba haki yake! Alichokifuata amekitambaia!"

Wakamtuma ndugu ya Yona dukani mbio. Lilirudi blanketi jekundu lenye mistari miwili myeusi, na chenji ikarudi mfukoni kwa Mzee Ramadhani, ambaye hakusikitika. Nilifunikwa mabegani. Nikasema nimepokea. Mengine yalifunguliwa na kumalizika kabla dereva hajamaliza wali, na lori lilipoondoka Debora alikuwa amesimama nyuma ya nyumba, amejiegemeza ukutani, akitabasamu peke yake.

Kurudi

Nililala Kilimatinde usiku mbili, nikarudi mchana, blanketi nimelifunga kuanzia mabegani hadi kiunoni. Mtu wa kizuizi alinipigia saluti na kuniuliza kama nina gazeti la mwezi wa tano. Mchungaji sikumkuta. Mnajua jinsi mlivyoniona nikiingia.

Mama alikuwa ameketi nje ya mlango. Nilimweleza yote, kama ninavyowaeleza ninyi.

"Kwa hiyo nilikufa," alisema.

"Kwa muda mfupi, Mama."

"Raheli alilia?"

"Sana."

"Na yule mume wake?"

"Alivua kofia."

"Kofia tu?" Akaitafakari kofia ya Yona. Kisha akanyoosha mkono, akashika pindo la blanketi, akalivuta taratibu kutoka mabegani mwangu hadi likaisha, na kujifunika hadi shingoni. "Mtu aliyefufuka," alisema, "hapaswi kupigwa na upepo."

Hilo ndilo jibu la swali lenu la pili. Liko chumbani kwake, na kikohozi kinaendelea kupungua. Debora yuko Kigoma na mumewe. Petroli siihesabu, maana ile niliimwaga kwa ajili yake. Ninahesabu fedha ya bahasha ambayo sikuichukua, na doti mpya ya Mama Salome, kwa sababu kanga ilirudi na oili kama alivyosema. Jumla nimepoteza shilingi elfu kumi na mbili na mia tano.